Kitabu Nyumbani: Mchungaji Aliyekataa Kutoroka

Familia ya askari huhama mara nyingi. Amri ya uhamisho hufika, gari huja, na mama wa nyumba hana budi kuamua kwa muda mfupi kipi kipakiwe na kipi wagawiwe majirani. Sufuria hupakiwa, magodoro hupakiwa, redio huviringwa kwa blanketi isije ikavunjika. Vitabu, kama vipo, huwa vya mwisho, na mara nyingi huachwa. Hudhaniwa kwamba kitabu ni mzigo tu. Kimekwisha kusomwa, ya nini kukibeba tena?

Maisha ya Mchungaji Dietrich Bonhoeffer, mtu wa Ujerumani, yanalijibu swali hilo. Naye alihama sana. Alitoka Berlin akaenda Barcelona, kisha New York, kisha London, akarejea kwao, na hatimaye akahamishwa kutoka gereza hata gereza mpaka aliponyongwa tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 39. Mali yake ilizidi kupungua katika kila safari, lakini vitabu aling'ang'ana navyo hadi siku ya mwisho. Ndugu msomaji, si kwamba mtu huyo alipenda tu kujipumbaza kwa kusoma. Kila jambo zito alilolitenda lilikuwa na mizizi katika kitabu fulani alichokuwa amekizoea siku nyingi kabla ya jaribu lenyewe kufika.

MAMA MWENYE CHETI CHA UALIMU

Bonhoeffer alizaliwa tarehe 4 Februari 1906 katika mji wa Breslau, ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Walikuwa watoto wanane. Yeye na dada yake Sabine walikuwa pacha. Baba yao, Karl, alikuwa profesa wa magonjwa ya akili, bingwa aliyeheshimiwa sana, ingawa si mtu wa kuonekana kanisani mara kwa mara. Mama yao, Paula, alikuwa na cheti cha ualimu. Badala ya kuwapeleka wanawe shule mara walipofikia umri, aliwafundisha mwenyewe nyumbani katika miaka ya mwanzo. Aliwasomea hadithi za Biblia, akawafundisha nyimbo na mashairi ya kukariri. Mwalimu wa kwanza wa mchungaji huyo, basi, alikuwa mama aliyeketi na watoto mezani.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1918 kaka yao Walter alikwenda uwanja wa mapigano, na mwezi Aprili akafa kwa majeraha akiwa na umri wa miaka 18. Mama yake alizidiwa na huzuni hata akawa kama mgonjwa kwa muda mrefu. Dietrich alikuwa na miaka 12. Ilipofika mwaka 1921, siku ya kipaimara chake, mama alimpa Biblia iliyokuwa ya Walter. Biblia hiyo ya marehemu ndiyo aliyoisoma na kuiandika pembeni maisha yake yote. Familia ambayo imepata kuletewa sanduku la askari asiyerudi haihitaji kuelezwa uzito wa zawadi kama ile.

Kijana alipotangaza kwamba atasomea uchungaji, kaka zake walimkejeli kidogo. Walimwambia kwamba kanisa ni chombo dhaifu, lisilostahili nguvu za kijana mwenye akili. Yeye akajibu kwamba kama ni hivyo, atalitengeneza. Akashika masomo kwa bidii, akatunukiwa shahada ya udaktari wa theolojia mwaka 1927 akiwa na miaka 21 tu.

ALIYOYAKUTA HARLEM

Mwaka 1930 alikwenda kusoma New York. Huko alipata marafiki wawili waliomgeuza. Wa kwanza alikuwa Frank Fisher, mwanafunzi Mwamerika Mweusi, aliyempeleka katika Kanisa la Kibaptisti la Abyssinian mtaani Harlem. Bonhoeffer akawa akienda huko kila Jumapili na kuwafundisha watoto. Aliona kwa macho yake jinsi rafiki yake alivyobaguliwa kwa sababu ya rangi, akanunua santuri za nyimbo za kiroho za watu Weusi na kurudi nazo Ujerumani. Rafiki wa pili alikuwa Jean Lasserre, Mfaransa, yaani mtoto wa taifa lililopigana na Ujerumani katika vita vilivyomuua Walter. Lasserre alimwonyesha kwamba Hotuba ya Mlimani katika Injili ya Mathayo haikunenwa ili isifiwe kwa uzuri wake. Ilinenwa ili itiiwe.

Tangu hapo Hotuba ya Mlimani ikawa msingi wa imani yake. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya kumfuata Kristo, nacho ndicho kilichomfanya ajulikane zaidi. Humo alilipinga jambo aliloliita neema rahisi: mtu kutaka msamaha bila kutubu, na kujiita mwanafunzi bila kufuata. Kwa maoni yake, imani isiyomgharimu mtu chochote haina tofauti na bidhaa ya bandia sokoni. Kitabu hicho hakikuandikwa katika siku za raha.

KIAPO KWA MTU MMOJA

Tarehe 30 Januari 1933 Adolf Hitler alishika madaraka. Siku mbili baadaye Bonhoeffer alizungumza redioni juu ya hatari ya kiongozi anayejifanya kuwa mungu wa wafuasi wake. Matangazo yakakatwa kabla hajamaliza. Mwezi Aprili mwaka huo serikali ilitoa sheria ya kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa serikali. Mume wa Sabine, Gerhard Leibholz, alikuwa mwenye asili ya Kiyahudi. Dhuluma ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya ukoo. Bonhoeffer aliandika kwamba kanisa lina kazi tatu mbele ya serikali idhulumuyo: kuiuliza kama matendo yake ni ya haki, kuwasaidia wanaoumizwa, na mwisho, ikibidi, kuizuia mashine yenyewe ya dhuluma isiendelee kusaga watu.

Mwezi Agosti 1934 askari wote wa Ujerumani waliapishwa upya. Kiapo kipya hakikuwa kwa nchi wala kwa katiba, bali kwa Hitler mwenyewe, kwa jina lake. Hapo askari wanapaswa kutua na kutafakari. Mtu anayeapa kuilinda nchi na sheria zake anayo mizani ya kupimia amri anayopewa. Anayeapa kumtii mtu mmoja bila masharti ameikabidhi mizani hiyo kwa mtu huyo. Baadaye, maofisa wengi waliojua kwamba wanaongozwa kwenye maangamizi walijiona wamefungwa na kiapo hicho, wakanyamaza.

Mwaka 1935 Bonhoeffer alipewa kazi ya kuongoza chuo kidogo cha wachungaji cha Kanisa la Ungamo, yaani Wakristo waliokataa kanisa lao kutawaliwa na chama cha Hitler. Chuo kilikuwa Finkenwalde, karibu na mji wa Stettin. Alileta vitabu vyake na zile santuri za Harlem, akaviacha vitumiwe na wote. Kila asubuhi wanafunzi walikaa kimya nusu saa na kifungu kimoja kifupi cha Biblia, kifungu kile kile kwa juma zima. Wengine walinung'unika wakiona ni kupoteza wakati. Polisi wa siri, Gestapo, wakakifunga chuo mwaka 1937. Vita vilipoanza wengi wa wanafunzi hao waliitwa jeshini, na mwalimu wao akawa akiwaandikia barua za pamoja, akiwatajia majina ya wenzao waliokufa vitani.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi ya Wayahudi yalichomwa moto kote nchini. Katika ile Biblia ya Walter, pembeni mwa Zaburi ya 74, mahali pasemapo juu ya maadui kuziteketeza nyumba za ibada, Bonhoeffer aliandika tarehe tu: 9.11.38. Hakuongeza neno. Msomaji wa namna hiyo haisomi Zaburi kama habari ya watu wa kale. Huisoma kama ripoti ya jana usiku.

KUREJEA KABLA YA BARIDI

Mwezi Juni 1939 rafiki zake walimtafutia kazi Marekani ili aepuke kuandikishwa jeshini. Alifika New York salama, lakini moyo haukutulia. Alikuwa na kitabu kidogo cha maneno ya kila siku, kile ambacho Wamoravian wa Herrnhut wamekichapa kila mwaka tangu 1731. Ni kanisa lile lile lililofungua misheni ya Rungwe, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1891. Tarehe 26 Juni neno lililomgusa lilikuwa lile la Paulo kumsihi Timotheo afanye bidii kumfikia kabla ya majira ya baridi. Bonhoeffer aliona kana kwamba yeye ndiye aliyeitwa. Alimweleza mwenyeji wake kwamba asiposhiriki mateso ya wananchi wake wakati wa vita, hatakuwa na haki ya kushiriki kuijenga nchi baada ya vita. Hata wiki nne hazikutimia sawasawa, akapanda meli akarudi. Vita vilianza tarehe 1 Septemba.

Hapa pana fundo ambalo halifai kufichwa. Mtu huyu alikuwa mpenda amani. Mwaka 1934 alikwisha kupata mwaliko wa Gandhi wa kwenda India kujifunza mapambano yasiyo ya kumwaga damu, ingawa hakuwahi kwenda. Hata hivyo, kupitia kwa shemeji yake Hans von Dohnanyi, aliingia katika idara ya upelelezi ya jeshi, ambamo baadhi ya maofisa walikuwa wakipanga kumpindua na kumuua Hitler. Alitumwa nje kupeleka habari zao. Idara hiyo hiyo mwaka 1942 iliwavusha hadi Uswisi watu 14, wengi wao Wayahudi, kwa kisingizio cha kazi ya upelelezi. Bonhoeffer hakujidai kwamba mikono yake ni safi. Alifundisha kwamba kuua ni hatia, na kwamba mtu anayeingia katika jambo kama hilo ili kuokoa wengine lazima aibebe hatia hiyo mbele ya Mungu bila kujitetea. Vitabu vyake havikumpa jibu jepesi. Vilimpa nguvu ya kulibeba jibu zito.

Krismasi ya mwaka 1942 aliandika waraka mfupi kwa rafiki zake wachache. Nakala moja ilifichwa darini nyumbani kwa wazazi wake, baina ya vigae na maboriti. Humo alichunguza kwa nini watu wake, waliosifika kwa utii na bidii ya kazi, walishindwa kumkabili mwovu. Alisema kwamba walijifunza kutii na kujitoa, wakaona fahari katika hilo, lakini hawakutambua kwamba utii wao unaweza kutumiwa kwa uovu. Walichokosa ni ujasiri wa raia: ule wa kusimama mtu peke yake na kuwajibika kwa tendo lake. Maneno hayo yaliandikwa na mtu aliyewapenda askari, ambaye kaka yake alikufa akiwa askari, na ambaye rafiki zake wengi walivaa sare.

KIFUNGONI TEGEL

Tarehe 5 Aprili 1943 alikamatwa na kutiwa katika gereza la kijeshi la Tegel, Berlin. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu amchumbie Maria von Wedemeyer, binti aliyekuwa amefiwa na baba na kaka vitani katika mwaka mmoja. Siku za kwanza mablanketi yalinuka hata hakuweza kujifunika, na walinzi walikatazwa kusema naye. Biblia yake ilichukuliwa ili ichunguzwe kama imefichwa msumeno au wembe, akarudishiwa baada ya siku mbili. Kisha ikajulikana kwamba mjomba wake, Jenerali Paul von Hase, ndiye kamanda wa jeshi mjini Berlin. Mara lugha ikageuka, adabu ikaja. Bonhoeffer aliona aibu. Baadaye aliandika ripoti juu ya hali ya gereza hilo, akaeleza jinsi wafungwa wasio na mjomba jenerali walivyotukanwa na kunyimwa haki zao. Askari polisi na askari magereza wataona mara moja kiini cha ripoti hiyo: heshima inayotolewa kwa sababu ya cheo cha jamaa si heshima, ni woga.

Akiwa kizuizini alisoma kama mtu mwenye njaa. Alirudia Zaburi kila siku na tenzi za Paul Gerhardt alizozikariri tangu utoto. Alisoma riwaya za Adalbert Stifter. Kitabu kimoja, Witiko, ambacho jamaa zake walishindwa kukipata mjini, alikikuta katika maktaba ya gereza lenyewe. Alisoma historia, na kitabu cha mwanasayansi Carl Friedrich von Weizsäcker juu ya fizikia. Kitabu hicho kilimwimarisha katika fikira moja: Mungu asifanywe kiraka cha kuziba mahali ambapo elimu ya binadamu haijafika, maana elimu ikifika atakuwa akisukumwa nje. Inafaa akutwe katikati ya maisha na katika yale yajulikanayo.

Vitabu vilifanya na kazi nyingine. Jamaa walipomletea kitabu ambacho jina lake mwanzoni limepigwa mstari chini, alijua kuna ujumbe. Herufi kadhaa zilitiwa nukta hafifu za kalamu ya risasi, na zilipounganishwa zikatoa habari za kesi, ili yeye na shemeji yake wasipingane mbele ya wapelelezi.

Ndege zilipotupa mabomu, wafungwa waliofungiwa vyumbani walipiga mayowe. Bonhoeffer aliwatuliza na kuwahudumia majeruhi, hata walinzi wakapenda kuwa karibu naye. Baadhi yao walimpelekea barua kwa siri. Nyingi zilimwendea rafiki yake Eberhard Bethge, ambaye alikuwa askari Italia. Barua hizo zilihifadhiwa katika mikebe ya barakoa za kujikingia gesi ya sumu, zikazikwa bustanini. Mwaka 1951 Bethge alizichapa kuwa kitabu, na tangu hapo kimesomwa duniani kote.

KOPLO NA OVAROLI

Tarehe 20 Julai 1944 bomu la Kanali von Stauffenberg lilimkosa Hitler. Msako ukaanza, Jenerali von Hase alinyongwa mwezi uliofuata. Mwishoni mwa Septemba mlinzi mmoja, koplo aliyeitwa Knobloch, alikubali kutoroka pamoja na mfungwa wake. Jamaa walimkabidhi ovaroli ya fundi, fedha na kuponi za chakula. Mlango ulikuwa karibu kufunguka.

Ndipo habari zikafika kwamba Gestapo wamemkamata kaka yake Klaus. Bonhoeffer alipima: akitoroka, adhabu itawaangukia Klaus, wazazi na mchumba wake. Akamwambia koplo kwamba hatakwenda. Mwezi Oktoba alihamishiwa katika mahabusu ya Gestapo. Aliyerudi kutoka New York mwaka 1939 na aliyebaki Tegel mwaka 1944 ni mtu yule yule mwenye hesabu ile ile.

Siku zake za mwisho alisafirishwa na wafungwa wengine hadi kijiji cha Schönberg, wakafungiwa katika jengo la shule. Jumapili ya tarehe 8 Aprili 1945 wenzake walimwomba aongoze ibada. Alisita, kwa kuwa wengi wao walikuwa Wakatoliki na mmoja, Kokorin wa Urusi, hakuamini dini. Kokorin mwenyewe akamsihi aongoze. Alisoma maneno ya siku hiyo kutoka Isaya na Waraka wa Kwanza wa Petro. Alipomaliza tu, watu wawili wakafika kumchukua. Alikuwa na kitabu cha Plutarch, mwandishi wa kale wa Kiyunani, chenye habari za maisha ya watu mashuhuri. Kwa kalamu butu aliandika jina lake na anwani mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kitabu, akakiacha pale. Kesho yake alfajiri alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg. Klaus, Dohnanyi na shemeji mwingine, Rüdiger Schleicher, waliuawa mwezi huo huo. Wazazi walithibitishiwa kifo chake mwezi Julai, waliposikia redioni ibada ya kumkumbuka ikitangazwa kutoka London. Kitabu cha Plutarch, miaka baadaye, kilirudi kwa jamaa zake.

Mwezi Julai 1998 sanamu yake ilizinduliwa juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na mashahidi wengine tisa wa karne ya 20. Mmoja wao ni Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa mwezi Februari 1977. Naye alianza maisha ya kazi akiwa mwalimu wa shule.

LA KUFANYA NYUMBANI

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Msimamo wa mtu hautengenezwi siku ya kukamatwa wala siku ya kupewa amri mbaya. Siku hiyo mtu hutumia akiba aliyokwisha kuiweka. Akiba ya Bonhoeffer iliwekwa kidogo kidogo: meza ya mama, Biblia ya kaka, nusu saa ya kila asubuhi, wimbo uliokaririwa kabla haujahitajika.

Nyumba ya askari, hata ikiwa ni chumba kimoja katika laini, inaweza kufanya hayo. Kitabu kimoja kizuri kinatosha kwa kuanzia, kiwe Biblia, Kurani, mashairi au historia ya nchi. Kisomwe kwa sauti mara moja kwa juma, baba naye akiwepo asipokuwa zamu. Jina la mwenye kitabu liandikwe ndani, na la mtoto atakayerithi liandikwe chini yake. Baba naye asione haya kuulizwa na mwanawe: amri hii ingekuwa halali? Huyu alitenda haki? Swali kama hilo likizoeleka nyumbani, halitakuwa geni kazini. Na amri ya uhamisho ifikapo, kitabu hicho kipakiwe kwanza, sufuria zifuate.